Mkono Usisimame

Dresa Andrea, mwuguzi wa kambi, aliushika mkono wa kulia wa Yeremia, akaugeuza huku na huku kama mtu anayekagua mpini wa jembe la zamani, kisha akabonyeza kidole cha mwisho na kile kinachokifuata. Vidole hivyo viwili vilikuwa vimeanza kujikunja kuelekea kiganjani, na hata vilipovutwa havikunyooka.

"Unasikia hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Kwa mbali."

Andrea aliandika neno kwenye kadi. Alikuwa mdogo kwa Yeremia kwa miaka kumi hivi, mtu asiyependa maneno mengi.

"Mwalimu, sindano tunazokuchoma ni za mwili. Mkono ni shauri lako mwenyewe. Usipoufanyisha kazi utakauka kama ngozi mbichi iliyosahauliwa juani. Wenzako wanasokota kamba, wengine wanalima. Wewe utafanya nini?"

Yeremia alifikiri kidogo. "Nipatie penseli."

"Sawa. Basi kila asubuhi, ukishakunywa uji, ukurasa mzima. Usisimame kutafuta maneno, maana ukisimama kutafuta maneno mkono nao unalala. Usifute. Usirudi nyuma kusoma. Unachoandika hakinihusu, andika hata majina ya mbuzi. Mimi nataka mkono usisimame mpaka ukurasa umekwisha."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, mwaka 1949, katika kambi ya wakoma iliyokuwa nyuma ya vilima vya mawe huko Iramba, mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu kutoka Ulemo, kijijini kwake.

Kabla ya kuletwa kambini Yeremia alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya vyumba viwili, upande wa pili wa korongo kutoka kwake. Aliheshimika. Wazee walimwomba awasomee barua zao, na siku za Jumapili yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Tena alikuwa na jambo lake la siri: alitaka kuandika kitabu. Alikuwa na daftari lenye kichwa cha habari kilichoandikwa kwa wino, "Habari za Wazee Wetu," na chini yake mistari mitatu. Mistari hiyo mitatu ilimchukua miaka sita. Kila alipokaa kuandika alichonga penseli, akatafuta sentensi iliyo nzuri kuliko zote, akaipata nusu, akaikataa, akatazama ukuta. Mwisho alifunga daftari akaenda kuangalia ng'ombe.

Kisha asubuhi moja aliipua chungu cha uji kwa mikono mitupu, akakibeba taratibu mpaka ndani. Mkewe Raheli ndiye aliyesikia harufu.

"Baba Esta," alisema, "weka chini. Mkono wako unaungua."

Yeremia alitazama kiganja chake, ngozi imevimba na kuchubuka, na hakuhisi kitu chochote. Hapo ndipo wote wawili walipojua. Yale mabaka meupe mgongoni waliyokuwa wakiyaita mba hayakuwa mba.

Asubuhi ya kwanza ya kuandika ilikuwa kichekesho. Aliketi mlangoni pa nyumba yake ya udongo, ubao juu ya magoti, karatasi za kadi za zamani za hospitali zilizobaki wazi upande mmoja. Mkono usiohisi hauna kipimo. Aliibana penseli hata ikavunjika, akaichonga, ikavunjika tena. Aliandika: Leo ni Jumanne. Upepo unavuma. Leo ni Jumanne upepo unavuma. Sina la kuandika sina la kuandika mbuzi mbuzi mbuzi mweusi. Alipofika chini ya ukurasa aliona doa la damu kwenye karatasi. Penseli ilikuwa imemchubua kidole cha kati naye hakujua.

Jirani yake, Bibi Martha, mwanamke mzee aliyekuwa kambini miaka kumi na moja, alikuja na kipande cha kitambaa akakizungusha kwenye penseli mpaka ikanenepa kama kidole gumba.

"Shika hapo. Na uwe unautazama huo mkono," alisema. "Mkono wa hapa hulindwa kwa macho. Unaandika nini?"

"Sijui, bibi."

"Hata mimi nikisuka huwa sijui nawaza nini," alisema mzee yule, akarudi kwenye mkeka wake.

Aliandika hivyo wiki tatu, mambo ya ovyo, kisha mambo yakaanza kubadilika bila yeye kuyasukuma. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimhukumu, maneno yaliacha kumwogopa. Katikati ya mbuzi na upepo alijikuta ameandika jinsi baba yake alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema uongo. Siku nyingine alimwandika bibi yake akipepeta uwele, na pumzi yake ilivyokwenda pamoja na ungo. Hakukumbuka kama aliwahi kuyajua mambo hayo. Ukurasa ukiisha, kichwa chake kilikuwa kimetulia kama maji ya mtungi usioguswa, na utulivu huo ulimfuata mpaka mchana. Akatoa lile daftari la wino. Katika majuma mawili aliandika kurasa tisa za habari za wazee, bila kutazama ukuta hata mara moja. Usiku alilala. Mtu angemwuliza wakati ule angesema kwamba, ukiacha ugonjwa, alikuwa na heri.

Halafu asubuhi moja ya mwezi wa tano, mkono uliandika: Lea alikuwa anafagia.

Yeremia aliitazama sentensi ile. Aliendelea haraka, upepo, mbuzi, Jumatano, akafika chini. Kesho yake mkono uliandika tena: Lea alikuwa anafagia darasa kabla sijafika. Kesho yake hakukaa mlangoni. Alimwambia Bibi Martha kichwa kinamwuma. Siku tatu hakuandika kitu, wala ukurasa wa asubuhi wala kitabu cha wazee, na siku ya nne Andrea aliyekuwa akipita na sinia lake la sindano alisimama.

"Naona mkono umekauka tena."

"Penseli imekwisha."

Andrea alitoa penseli mpya mfukoni, akaiweka juu ya ubao, akaenda zake.

Yeremia alikaa nayo kitambo. Kisha akaandika, na safari hii hakukimbilia mbuzi.

Ulikuwa mwaka wa njaa, vita vya Wazungu bado havijaisha. Mvua zilikosa, uwele ukafia shambani, watu wakachimba mizizi na kuchemsha majani. Watoto waliokuja shule walikuwa wachache, na wale wachache walikaa kimya kuliko watoto wanavyopaswa kukaa. Lea binti Alute alikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Alifika wa kwanza, akafagia bila kutumwa, akakaa mstari wa mbele. Mkaguzi wa shule alikuwa ametangaza kuja. Yeremia alikuwa na hofu, maana mkaguzi aliyetangulia alimwandika vibaya, na kila siku alikuwa akiwakaririsha watoto hesabu mpaka sauti zinakwisha.

Siku hiyo Lea alilala juu ya kibao chake. Mwalimu akamwita. Akaamka, akasimama, akaegemea ukuta. Mwalimu akamwambia asimame wima. Mtoto akasema, "Naona giza, Mwalimu." Baadhi ya wenzake walicheka, au pengine hawakucheka, hilo Yeremia hakuwa na hakika nalo, ingawa kwa miaka mitano alijiambia kwamba walicheka. Alichukua fimbo. Alimpiga mara tatu mgongoni kwa mkono wake wa kulia. Lea hakulia. Alikaa chini, akashika chaki yake, na mwalimu alipogeuka tena alimwona ameitia mdomoni, anaitafuna.

Kesho yake hakuja. Siku ya tano ikaja habari kwamba amekufa. Mwaka ule watoto wengi walikufa, na hakuna aliyeuliza kitu. Yeremia alikwenda mazishini, akasimama nyuma ya watu, na ilipofika wakati wa wimbo yeye ndiye aliyeuanzisha.

Hayo yote yalijaza kurasa nne. Alipoinua kichwa jua lilikuwa limefika utosini na kitambaa cha penseli kilikuwa chekundu.

Alimsimulia Bibi Martha jioni ile, maneno machache. Kisha akanyoosha mkono wake uliopinda. "Ndio huu uliompiga. Labda Mungu ameona."

Bibi Martha aliinua mikono yake miwili, ambayo haikuwa na kidole hata kimoja kizima, akaiweka mbele ya uso wake.

"Na mimi nilimpiga mtoto wa nani?" aliuliza. "Ugonjwa ni ugonjwa, Mwalimu. Usiufanye kuwa barua ya Mungu kwako. Ulilolifanya liko pale pale, mkono upone usipone."

Raheli alikuja mwezi uliofuata, kama alivyokuwa akija kila alipopata mtu wa kumwachia Esta na ng'ombe. Wageni walikaa katika banda lenye benchi mbili zilizotazamana, wagonjwa huku, wageni kule, na mlezi wa kambi akipita mara kwa mara kuhakikisha hakuna anayevuka. Alileta karanga na unga wa mtama. Walizungumza habari za nyumbani: shule imepata mwalimu mwingine, kaka zake wanamtaka arudi kwao, yeye amewaambia hana miili miwili ya kukaa nyumba mbili.

Yeremia alimsukumia zile kurasa nne juu ya sakafu. Raheli alikuwa amesoma misheni miaka mitatu. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Alipomaliza alizikunja akaziweka magotini, akatazama mlango.

"Mimi nilikuwa mmoja wa waliomwosha," alisema.

Yeremia aliinua kichwa.

"Sisi wanawake watatu. Tulipomgeuza tuliiona. Mistari mitatu. Alikuwa amekonda, ngozi imeshika mfupa, kwa hiyo ilionekana wazi. Mama yake aliiona pia. Aliniangalia, halafu akachukua maji akaendelea kumwosha."

"Miaka mitano, Mama Esta. Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Wewe mwenyewe ulikuwepo." Sauti yake haikupanda. "Nilingoja useme. Kila ulipochukua daftari lako la wazee nilisema, leo atasema. Ulikuwa unatazama ukuta tu. Nami nikazoea kukupikia huku najua."

Mlezi alipita. Walingoja mpaka hatua zake zikapotea.

"Alijua? Alute?"

"Aliambiwa na mkewe."

"Na hakuja kunishtaki."

"Alikuwa na watoto wengine wawili waliokuwa wakifa. Wakati wa kukushtaki angeupata wapi?" Raheli alizinyoosha zile karatasi. "Unataka nifanye nini na hizi?"

"Mwambie Alute nimeandika. Akitaka kuja, aje."

"Anaweza asije."

"Najua."

Alute alikuja baada ya mavuno. Alikuwa mrefu, ameinama mabega, shuka lake limefungwa begani kwa namna ya wazee ambao hawakubatizwa. Alikuwa ametembea siku mbili. Yeremia alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alute aliketi kwenye benchi la wageni, akaweka fimbo yake kati ya magoti. "Mkeo alisema umeandika habari za binti yangu. Mimi sisomi. Nisomee."

Yeremia alisoma. Alute alisikiliza bila kumtazama. Alisoma yote, giza, fimbo, chaki, wimbo wa mazishini. Alipomaliza, yule mzee alikuwa bado anatazama ncha ya fimbo yake.

"Rudia pale mwanzo," alisema. "Pale pa kufagia."

Yeremia alirudia. Lea alifika kabla ya wote, viatu vyake vya ngozi mkononi asivichakaze. Alifagia akianzia kona ya dirishani. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na mwalimu akigeukia ubao, Lea huandika kwa kushoto; mwalimu akirudi, huhamisha chaki kulia.

"Kushoto," Alute alisema. "Hata kula. Mama yake alihangaika naye." Aligeuza fimbo mikononi. "Sikujua kwamba alikuwa anafagia. Nyumbani hakuwa anapenda kufagia."

Upepo ulipiga bati la banda. Alute alinyoosha mkono.

"Nipe ukurasa huo. Hizo nyingine zibaki kwako."

"Mzee, nilitaka kukuomba—"

"Usiniombe kitu," Alute alisema, bila hasira. "Sikuja kwa ajili hiyo. Mama yake amekufa mwaka jana. Sasa hakuna mtu wa kunikumbusha mtoto alikuwaje. Ukikumbuka kingine kilicho kama hiki, andika. Nitakuja tena nikishavuna."

Aliukunja ukurasa mara nne, akaufunga kwenye pindo la shuka, akaondoka siku ile ile.

Basi kitabu cha wazee kiliwekwa kando. Kila asubuhi, baada ya uji, Yeremia aliandika bila kusimama na kumngoja Lea ajitokeze. Mara nyingi hakutokea. Ukurasa baada ya ukurasa ulikuwa upepo, vidonda, jina la mtu aliyezikwa jana, na kichwa kilichokuwa kimetulia sasa kikawa kizito. Aligundua jambo lililomuuma kuliko yale mengine: alikuwa amemfundisha mtoto yule miezi kumi na minne na hakuwahi kumtazama sana. Alikuwa amemtazama mkaguzi. Mwaka mzima ulimpa ukurasa mmoja tu, siku Lea alipouliza kama Wazungu wanaopigana huko kwao wana mama, na darasa lote likamtazama mwalimu, naye akasema warudi kwenye hesabu. Alute alikuja, akausikiliza mara mbili, akauchukua.

Mwaka wa 1950 zilikuja dawa mpya, vidonge vya kumeza. Mabaka yalififia. Mwaka uliofuata Andrea alimpima mara tatu akamwambia hana ugonjwa tena. Vidole vitatu vilivyokwisha kujikunja havikunyooka tena. Bibi Martha alikuwa ameshazikwa mwezi mmoja kabla.

Raheli alimpokea nyumbani bila sherehe. Alikuwa ametandika kitanda, ameweka maji ya kuoga. Esta, ambaye sasa alimfikia mama yake begani, alimwamkia akiwa amesimama mlangoni, akasogea ndani hatua moja, kisha nyingine. Majirani walimsalimu kutoka barabarani. Shule haikumhitaji, mwalimu mpya alimwambia kwa adabu kwamba wazazi wangewaondoa watoto. Yeremia alikubali. Alilinda shamba lisiliwe na ndege, na asubuhi aliandika, Raheli akimfungia penseli kwa kitambaa kwenye kiganja kwa sababu vidole vilivyobaki havikuweza kuishika peke yake.

Alute alikuja baada ya mavuno ya mwaka huo. Sasa ulikuwa mwendo wa saa mbili tu, lakini alifika amechoka, akikohoa. Raheli alimletea kigoda na maziwa ya mgando.

"Umepata?" aliuliza.

"Hapana, mzee." Yeremia alikuwa ameiwaza siku hii mwaka mzima. "Nimetafuta kila siku. Kilichokuwepo kimekwisha. Ningeweza kubuni kitu kizuri nikusomee, usingejua. Lakini sikubuni."

Alute alikunywa maziwa mpaka nusu, akafuta mdomo.

"Kama yamekwisha, yamekwisha," alisema. Alimaliza maziwa, na Raheli akaingia ndani akidhani ataondoka. Kisha akasema, kwa Kinyiramba, taratibu, "Alizaliwa wakati wa kupura. Mama yake alikuwa kiwanjani, anapura, akasema nipeleke ndani."

Yeremia alichukua ubao. Raheli, bila kuambiwa, alitoka akamfunga penseli.

Alute alisimulia mpaka vivuli vya mawe vikafika mlangoni. Alisimulia jino la kwanza, na surua iliyompata, na jinsi mtoto alivyomwogopa beberu mmoja mweupe akawa anazunguka nyumba nzima kumkwepa. Hakusimulia kwa mpangilio mzuri, alirudi nyuma, alijikosoa, na Yeremia aliandika kila alichosema, kwa Kinyiramba na kwa Kiswahili vikichanganyika, bila kufuta. Kurasa kumi na mbili. Penseli ilichongwa mara nne. Walifika mahali Lea ana miaka minne, amejificha katika kihenge kitupu cha nafaka na nyumba nzima inamtafuta, ndipo yule mzee aliposhikwa na kikohozi kirefu.

"Basi," alisema alipopata pumzi. "Giza litanikuta njiani. Nitakuja kumaliza mvua zikikatika."

"Lala hapa, mzee," Raheli alisema.

"Mbuzi watalala nje." Akasimama kwa kuegemea fimbo. Mlangoni aligeuka akamtazama Yeremia, ambaye alikuwa anajaribu kufungua kitambaa kwa meno, akarudi hatua mbili akamfungulia. Akaenda.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, na kikohozi kilipita vijijini. Mwezi wa tatu Raheli alirudi kutoka kisimani, akatua mtungi, akasimama kando yake bila kuingia ndani.

"Wamemzika Alute jana," alisema. "Korongo lilikuwa limejaa. Hawakuweza kuleta habari."

Yeremia alizitoa zile kurasa kumi na mbili, akazisoma zote mpaka pale kwenye kihenge. Hakukuwa na mtu mwingine aliyejua nani alimpata mtoto, wala kama alimkuta analia au anacheka. Aliziweka ndani ya daftari la wazee, juu ya zile kurasa tisa, akalifunga kwa kamba.

Asubuhi yake Raheli alimfunga penseli. Akaandika: Leo ni Alhamisi. Mvua imenyesha usiku kucha. Leo ni Alhamisi.